Mguu wa Kuku

9 Februari 1994

Mume wangu mdogo,

Pokea salamu za mkeo mzee asiye na meno ya mbele. Mimi ni mzima wa kutembea na wa kutukana, mengine tuyaache. Shangazi yako hajambo, amegombana na kila mtu pale anapokaa, kwa hiyo afya anayo. Baba yako haandiki. Ukimwandikia mwambie mama yake bado hajafa, asiingoje habari hiyo kwa hamu. Baba yako mdogo, kitinda mimba wangu, anakusalimu sana. Mkewe ana mimba ya kwanza, tumbo limekaa juu kama amemeza chungu.

Usicheke mwandiko. Nimejifunza kuandika nikiwa tayari na wajukuu. Mwalimu wa watu wazima aliniambia herufi zangu zinalala, nikamwambia zimechoka, zinafanya kazi tangu asubuhi, si kama yeye. Sitaki mtu aniandikie. Neno langu likipitia mdomo wa mwingine linarudi likinuka.

Sasa sikia. Juzi nimevunja kioo cha gari kwa jiwe. Mkono wangu bado upo.

Gari lenyewe ni la meneja wa kiwanda. Tunamwita Bwana Kofia, maana ana kofia ya plastiki ya kazini na haivui hata akila. Kiwanda wamekijenga bondeni, palepale nilipokuwa nachimba udongo wa vyungu, alipochimba na mama yangu. Walikuja na afisa mwenye suti, akasimama juu ya udongo wangu na viatu vyake, akatuambia maendeleo yamefika. Nikamwuliza, yamefika kwa nani? Akasema, "Uchumi unakua, mama." Nikamwambia hata jipu linakua.

Unajua wanapika nini humo? Matairi. Matairi makuukuu, yanakuja kwa meli kutoka huko mbali mliko, malori yanayamwaga mpaka yamekuwa mlima. Wanayatia kwenye pipa kubwa la chuma na kuyaivisha hadi yatoe mafuta meusi. Na cha kuchochea moto chini ya pipa ni matairi vilevile. Yaani tairi linampika mwenzake. Mafuta yanakwenda kiwanda cha nondo, nondo zinakwenda bandarini, na kutoka bandarini sijui ziendako, labda kwenu tena. Kinachobaki kwetu ni moshi. Kiwanda kinawaka taa mpaka kwenye choo, sisi tunawasha vibatari.

Moshi huo si moshi wa kuni. Unashika. Ukianika shuka jeupe unaanua jeusi. Kuku wangu wamekufa midomo wazi. Kisimani kumetanda utando wenye rangi za mgongo wa nzi. Wanawake wawili waligombania ndoo ya mwisho ya maji yanayonyweka, mmoja akamng'ata mwenzake sikio, kipande kikatoka, akakitema chini, akaendelea kujaza ndoo yake. Ndipo tulipofika.

Na kitinda mimba wangu ameenda kuomba kazi humohumo. Nilimpiga kofi, mtu mzima mwenye ndevu. Akaniuliza, "Mama, vyungu vyako utavifinyanga kwa udongo gani sasa?" Nikampiga la pili. Sasa ndiye anayelisha mdomo wa tanuri chini ya pipa. Nilipotoka hapo nikakutana na gari la Bwana Kofia, ikawa bahati yake mbaya.

Wewe unafanya kazi gani huko? Barua zako zote zinasema "kazi ipo". Hata mwizi kazi anayo. Sema. Na uandike upesi, barua zako zinakuja kwa kutambaa. Babu yako alipofariki tulikupelekea telegramu, maneno manne tu, na kesho yake ulikuwa unalia. Kumbe habari zikitaka zinakimbia.

Ni mimi mkeo wa kwanza,
Bibi


20 Machi 1994

Kwa mke wangu wa kwanza na mkali kuliko wote,

Shikamoo bibi. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na wenzangu ninaokaa nao chumba kimoja nimewasomea ile ya jipu, wamecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi sijambo. Kikohozi kidogo, si cha kuandika. Msalimie baba mdogo, mwambie mtoto akiwa wa kiume apewe jina langu na akiwa wa kike apewe lako, lakini asipewe mkono wako.

Bibi, ungeniona ungejivuna. Kampuni yetu ni ya kusafisha mazingira. Langoni kuna bango la jani kubwa la kijani, na koti nililopewa lina jani hilohilo mgongoni. Tunakusanya vitu ambavyo watu wa huku hawavitaki tena, tunaviandaa, vinapelekwa mahali vitakapofaa. Mji wa huku ni msafi, bibi, ukitema mate unaona aibu.

Mimi ni mkaguzi. Kitu hakiondoki mpaka nikitie alama kwamba ni salama. Wengine wanatia mkato tu. Mimi nachora mguu wa kuku, ule wako. Nakumbuka ulivyokuwa unakijaza chungu maji, unakiacha, na chini kikibaki kikavu unakigeuza na kuukwaruza kwa msumari. Ulikuwa unaniambia, "Alama hii ni ulimi wangu. Nikiiweka, nimesema." Basi na mimi huku nasema.

Msimamizi wetu sisi tunamwita Haraka, kwa kuwa ndilo neno lake la asubuhi na la jioni. Ni mtu wa kupiga mateke. Mwezi uliopita kitu kilimruka jamaa mmoja usoni, taya ikaenda upande, meno tukayaokota kwenye glavu. Tukaosha sakafu kwa mpira wa maji na Haraka akasema kazi iendelee. Usiwe na hofu, mimi nasimama mbali.

Bibi, usipige tena magari ya watu. Wawekezaji wakiondoka mtalia.

Mumeo mtiifu


2 Mei 1994

Mume wangu mwongo,

Salamu. Shangazi yako anaumwa jino, baba yako bado ni bubu wa karatasi. Mkamwana wangu miguu imevimba, daktari wa zahanati amemwambia ahame kwenye moshi. Nikamwuliza daktari, ahamie kwako? Akaangalia dirishani.

"Kitu" kilimruka jamaa usoni. "Vitu" mnaviandaa. Mtu akilificha jina la kitu, ujue kitu hicho kina pembe.

Kabla ya barua yako kufika nilikuwa nimeshajibiwa. Kitinda mimba wangu alirudi kutoka kazini, mweusi kama sufuria, nimemtambua kwa meno. "Mama! Yule mumeo yuko kiwandani kwetu!" Nikadhani moshi umempanda kichwani. Akaniburuta mpaka kwenye uzio. Lori limemwaga magurudumu, na ubavuni mwa magurudumu hayo, kwa chaki ya njano, nimeuona mguu wa kuku. Vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, na hicho cha nyuma kimepinda kushoto. Nani mwingine anakipinda kushoto? Nilikufundisha kwa msumari uliopinda.

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kinabandika na stempu.

Kwa hiyo ni wewe. Ni wewe unayeniletea mvua nyeusi. Kuku wangu umewaua wewe halafu ukachora miguu yao. Koti lina jani mgongoni! Hata nyoka ana madoa mazuri.

Nikueleze jani lako linavyofanya kazi huku. Wiki iliyopita tulikwenda langoni, wanawake na nguo zetu zilizotiwa masizi, tukazirusha juu ya uzio ili Bwana Kofia azifue. Walinzi wakatoka na marungu. Fundi cherehani, jirani yetu, mtu mpole asiyeua sisimizi, alinyoosha mikono kusema "taratibu jamani", wakampiga kwenye mikono hiyohiyo. Vidole vimevunjika, vimekaa kama tangawizi. Mama mmoja alikanyagwa tumbo. Mimi nilikuwa nimekuja na mchi wangu wa kutwangia, sikusema nimeuleta wa nini. Nilimpa mlinzi mmoja wa pua. Nilisikia mfupa. Alikaa chini kama mtoto anayefundishwa kukaa. Usiniambie habari ya umri wangu.

Halafu afisa wa suti akaja kutuhubiria kwamba nondo za nchi zinategemea mafuta hayo na tusirudishe maendeleo nyuma. Nikamwambia maendeleo yako yana mbele na nyuma, nyuma yake ndiyo inayotutazama sisi.

Lakini jambo moja nitakupa, maana mimi si mchoyo wa haki. Magurudumu mengi yanakuja na rimu zake, mengine na upepo ndani. La upepo likitupwa motoni linapasuka kama bomu, rimu inaruka. Mwaka jana ilimkata mtu goti. Kwa hiyo wanalitoboa kwanza kwa chuma chenye ncha mpaka lipige mluzi na kuisha. Ni kazi ya kuchelewesha, na Bwana Kofia anasimama nyuma yao anawatukana mama zao. Sasa yale ya mguu wa kuku kitinda mimba wangu hayatoboi. Nilimwambia mwenyewe: "Hiyo ni alama ya nyumba hii. Ukiiona, chungu hakivuji. Tupa." Anamaliza kabla ya wenzake na Bwana Kofia ameacha kumpiga mateke. Angalau moshi wako una adabu.

Acha kazi hiyo. Rudi uchimbe mitaro.

Bibi yako


17 Juni 1994

Shikamoo bibi,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na shangazi amepona jino, na mkamwana wako ameshajifungua au yuko karibu. Barua yako niliipata tangu mwezi uliopita. Kazi zilinibana, na kila nilipokaa kuandika kichwa kilikuwa kizito. Nisamehe kwa kuchelewa.

Ni kweli ni matairi. Sikutaka ujue kwa namna ile. Huku magari ni mengi kuliko watu, tairi likichakaa kidogo tu wanabadilisha. Kuyachoma ni kosa, unafungwa, kwa sababu ya moshi. Kuyazika ni kosa pia. Basi yanabadilishwa jina, yanaitwa malighafi, yanapakiwa melini, na watu wa huku wanalala usingizi. Nimeandika hivyo nikaona haya. Lakini bibi, nikiacha mimi, kesho yake kuna mwingine amevaa koti langu. Meli haitarudi nyuma kwa ajili ya mtu mmoja.

Fundi cherehani mpe pole yangu. Na wewe huo mchi uuweke jikoni.

Hali ya hewa imeanza kuwa nzuri. Tumehamia chumba chenye dirisha.

Jambo dogo la mwisho. Mwambie baba mdogo atoboe magurudumu yote tu, hata ya mguu wa kuku. Ni vizuri kufuata utaratibu. Usiniulize kwa nini, na usiseme ni mimi niliyesema.

Mumeo


11 Julai 1994

Mjukuu,

Salamu ni haki ya kila mtu, hata mbwa aliyekuuma unamwitikia akibweka, kwa hiyo nakusalimu. Baba yako yupo hapa. Shangazi yako yupo hapa. Mkamwana wangu amejifungua mtoto wa kiume kabla ya siku zake, mdogo kama sungura lakini ana sauti. Hatujampa jina lako.

Barua yako imefika baada ya mazishi.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na moja Juni, asubuhi. Nilikuwa naosha mtama. Nilisikia mlio, maji kwenye beseni yakaruka. Nikajua. Mama anajua kabla ya masikio. Nilikimbia na kanga moja, na yule mlinzi niliyemvunja pua ndiye aliyenifungulia lango.

Gurudumu lilipasukia mdomoni mwa tanuri. Rimu ilitoka nyekundu ikampiga kifuani, ikaingia, ikakaa. Mwenzake aliyesimama nyuma yake alipoteza jicho na shavu. Mwanangu alikuwa bado anatazama. Damu yake ilikuwa inachemka juu ya chuma, nimeisikia kwa masikio haya, ilikuwa inalia kama mafuta kwenye kikaango. Niliishika ile rimu kwa mikono miwili nikavuta. Ilitoka. Ngozi ya viganja vyangu ikabaki juu yake. Ndiyo maana leo herufi zimelala kuliko siku zote, naandika kalamu ikiwa imefungwa kwa kitambaa kwenye kifundo. Nimemkataza baba yako asiniandikie.

Alisema neno moja. Sitakuandikia. Si lako.

Kipande cha tairi kilichorushwa pembeni hakikuungua chote. Kumbe chaki ni ngumu kuliko mtu. Vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, kimepinda kushoto.

Wenzake walimshika Bwana Kofia. Walimpiga kwa koleo, kwa buti, kwa kile chuma cha kutobolea. Kofia yake ilipasuka ndipo tukaona ana upara. Meno yalimtoka akawa anayatafuta kwenye masizi kwa vidole, analia anamwita mama yake. Mimi niliwaangalia na sikuwazuia. Nilifikiri leo kiwanda kimekufa. Jumatatu watu walewale walipanga foleni langoni kuomba nafasi ya mwanangu. Walisukumana. Wawili walitoana damu. Si kwamba ni wabaya. Mashamba ya bondeni yameota masizi, kisima kimekufa, mtu atakula nini? Kiwanda kikishakula kila kitu kinakuwa ndicho pekee chenye chakula.

Sasa wewe. Unaandika, "Barua yako niliipata tangu mwezi uliopita." Mwezi uliopita, yaani Mei. Mwanangu alikuwa hai Mei. Alikuwa hai, anakula, ananitania, anatupa magurudumu yako motoni bila kuyatoboa. Telegramu inafika kesho yake. Hukuwa na haja ya salamu wala ya jino la shangazi yako. Maneno mawili: TOBOA YOTE. Basi. Wewe ukangoja, halafu ukaleta barua, na ndani ya barua ukaliweka neno hilo mwisho kabisa, chini ya dirisha na hali ya hewa, kama mtu anayeficha kinyesi chini ya jani. Kweli koti lako linakufaa.

Sitaki pole. Ukinitumia pole nitaiwasha nipikie mtama. Nataka neno moja.

Magurudumu yale uliyatoa upepo, au hukuyatoa?


19 Agosti 1994

Bibi,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia.

Sikuyatoa.

Mwanzoni tulikuwa tunayatoa. Kulikuwa na watu wa kung'oa vali na kutenganisha rimu, mimi napima kwa mkono, nachora. Baada ya yule jamaa kuvunjika taya, Haraka aliwaondoa watu wa vali, akasema wanachelewesha kontena, huko yanakokwenda yatatolewa hukohuko. Chaki akaniachia. Nikaendelea kuchora. Yalikuwa yanapita mbele yangu kwenye mkanda wa mashine, nachora, yanapita, nachora. Ukiniuliza nilikuwa nafikiri nini, nilikuwa nafikiri mgongo unauma.

Ulipoandika kwamba baba mdogo hayatoboi, nilivaa viatu nikatoka. Nilikwenda posta. Nilisimama kwenye foleni ya telegramu mpaka nikafika dirishani. Yule mama akaniuliza ujumbe gani. Nikaona nikisema hayo maneno mawili utauliza, na baba atauliza, na wote mtajua chaki yangu ni ya uongo. Nikanunua stempu. Sikuibandika kwa wiki kadhaa. Nilijiambia baba mdogo ni mtu makini.

Na nitasema hili, hata ukinilaani. Mimi nilichora, lakini nani alimwambia asitoboe? Wenzake wote walikuwa wanatoboa! Ulimwambia wewe. "Ni alama ya nyumba hii, tupa." Ulitaka kiburi chako kiingie mpaka kwenye tanuri la watu. Alama ya nyumba, alama ya nyumba, tangu nikiwa mtoto, kana kwamba sisi ni nani. Kama si majivuno yako angekuwa hai. Tumemuua wote wawili, bibi, usiniachie mimi mwenyewe.

Nimeandika hayo na sitayafuta.

Barua yako ilipofika nilikwenda nayo kazini. Haraka akaniambia nisimame kwenye mkanda. Nilichukua spana ya magurudumu nikampiga nayo begani, alipoanguka nikampiga tena. Wakaja wanne. Wamenivunja mbavu na hili jicho la kulia sioni vizuri nalo. Wamenivua koti. Sina kazi, na polisi wamesema nitarudishwa kwetu kesi ikiisha.

Lakini sijafika kwenye ubaya wenyewe. Nilidhani nikiondoka alama itaondoka. Haikuondoka. Jamaa mmoja wa mle ndani ameniambia wanunuzi wa nchi nyingi wanauliza magurudumu ya mguu wa kuku, wanasema hayacheleweshi kazi. Kampuni imechonga muhuri. Sasa mashine inagonga mguu wa kuku kwenye kila gurudumu linalotoka, la upepo na lisilo na upepo, yanapakiwa kwa meli za kila upande. Wameiga chaki yangu sawasawa. Hata kidole cha nyuma kimepinda kushoto.

Siwezi kuifuta. Ningeweza, ningeifuta kwa ulimi.

Mjukuu wako


25 Septemba 1994

Mjukuu wangu,

Nimeitikia. Marahaba.

Shangazi yako amerudi kwake. Baba yako amebaki, analima mahali pa juu ambapo moshi unachelewa kufika. Fundi cherehani anajifunza kushona kwa mkono wa kushoto, suruali zake sasa zina mguu mmoja mrefu, watu wanazivaa hivyohivyo kwa heshima. Mtoto wa marehemu ananyonya kama mwizi. Viganja vyangu vimeota ngozi mpya, nyororo, ya kitoto, siwezi kushika mchi. Lakini kalamu nashika.

Uliyoandika katikati ya barua nimeyasoma. Niliyasoma, nikaiweka barua chini ya mtungi, nikaitoa tena. Sitayajibu kwa kalamu. Njoo, tutapigana uso kwa uso kama watu wa nyumba moja.

Vyungu nafinyanga tena kidogo, baba yako ananiletea udongo wa mlimani, una mawe. Alama siweki. Mteja akinigeuzia chungu akauliza mguu wa kuku uko wapi, namwambia jaza maji mwenyewe, kaa chini, usubiri. Wengine wanaondoka wakinuna. Waondoke. Mfinyanzi hulia gaeni, na mimi nimezoea.

Ila mdomo wa tanuri sikuuacha. Kila asubuhi nakwenda kiwandani. Mara ya kwanza Bwana Kofia, na meno yake mapya yanayocheza kama ya farasi, alisema, "Bibi, unachelewesha uzalishaji." Nikamfungulia viganja mbele ya uso wake, karibu, mpaka akavinusa. Tangu siku hiyo ananipisha. Kukifunga kiwanda sijaweza. Moshi uko palepale, kisima kiko palepale kimekufa, afisa wa suti ameahidi tanuri la pili. Nimeweza kusimama tu. Anayelisha moto sasa ni mume wa yule mama aliyeng'atwa sikio. Nimempa chuma cha kutobolea cha mwanangu.

Jana lilikuja lori jipya kutoka bandarini. Lilimwaga magurudumu mpaka tukaacha kuona upande wa pili wa uwanja, na kila moja ubavuni lina mguu wa kuku, mweupe, umegongwa vizuri, umenyooka kuliko nilivyowahi kuukwaruza mimi au mama yangu. Yule mlisha moto akafurahi, akaweka chuma chini. "Bibi, haya si ya kwenu?"

Nikapiga kelele nikakatika sauti. Toboa yote! Ya kuku kwanza!

Akatoboa moja. Likapiga mluzi. Akatoboa la pili, na la pili likapiga mluzi. Wenzake wakaacha kazi zao, wakaja na vyuma vyao, wakaanza kutoboa, na Bwana Kofia alisimama na kofia yake mpya mkononi. Mluzi uliendelea mpaka jua likawa utosini, bonde zima likisikia.

Yalikuwa yamejaa, mume wangu. Yote yalikuwa yamejaa.

Bibi yako